Moja Kati ya Sita

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha alfajiri. Milimita nne tu kwenye kipimo cha ofisini. Nimeanza daftari hili kwa sababu mwaka jana mvua zilipoisha kila mtu ofisini alikumbuka kwamba alionya, na hakuna aliyeonya. Mwaka huu nitakuwa na maandishi yangu.

Mimi ni mkaguzi wa majengo katika ofisi ya mhandisi wa mji, mwaka wa kumi na nne sasa. Kazi yangu ni kuzunguka na timazi, tepu na tochi, kuchungulia nyufa za watu, kisha kuandika barua. Barua zote zinapitia kwa mkuu wetu, na akiwa hayupo tunamwita Bwana Huenda, kwa kuwa hajawahi kusaini barua isiyo na neno hilo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekagua shule ya dada. Ni dada yangu wa tumbo moja, kanizidi miaka sita, na ndiye mwalimu mkuu pale. Nyuma ya madarasa matatu ya chini kuna kilima kilichokatwa, na kilima kimezuiwa na ukuta wa mawe wa mita nne kwenda juu. Kutoka ukutani hadi madirishani ni hatua tatu, nimezipiga mwenyewe.

Ukuta umefura katikati kama shavu lenye jipu. Nimeteremsha timazi: umeinamia mbele sentimita saba. Yapo matundu kumi na mawili ya kutolea maji. Nimeingiza waya katika kila moja, tisa yameziba kabisa. Ufa mmoja unaingia kidole changu cha shahada. Nimebandika vipande vitano vya kioo kukatiza ufa huo, kila kipande plasta huku na huku. Ukuta ukisogea hata kidogo, kioo kinapasuka. Kioo hakibembelezwi.

Dada alininywesha chai ofisini kwake, akauliza, vipi? Nikasema nitaandika. Nikauliza watoto wa madarasa yale ni wangapi. Mia moja thelathini na wanne.

Jumanne, 11 Machi

Siku tatu nimekaa kwenye vumbi la mafaili. Kuta za mchoro huu zimejengwa sehemu nyingi mjini. Nimetafuta kila ukuta ulioingia msimu wa mvua ukiwa umefura na matundu yake yameziba. Nimepata ishirini na nne. Katika hizo, nne zilianguka kabla msimu haujaisha.

Nne kwenye ishirini na nne. Nimeandika ripoti yangu hivyohivyo: nafasi ya ukuta huu kuanguka msimu huu ni moja kati ya sita; napendekeza madarasa matatu yasitumike hadi mvua ziishe.

Alhamisi, 13 Machi

Ripoti imerudi ikiwa barua yenye sahihi ya mkuu. Sentensi moja tu: "Huenda ukuta ukapata athari endapo mvua zitazidi kiwango cha kawaida."

Nikamfuata ofisini kwake. Nikauliza namba yangu iko wapi.

"Imo," akasema. "Imo ndani ya huenda."

Akanieleza bila hasira, kama anamfundisha mtu kufunga kamba za viatu. Neno lina mlango wa nyuma. Ukisema huenda na ukuta ukaanguka, ulisema. Usipoanguka, ulisema pia. Namba watu wanaikariri na kukurudishia usoni. Nikamuuliza, huenda yake hii ni ngapi? Akasema kila mtu ataielewa kwa nafasi yake. Nikamwambia hicho ndicho ninachokiogopa. Barua ikaenda.

Jumatatu, 17 Machi

Leo nimefanya utundu. Nimepita na karatasi nikimsomea kila niliyekutana naye sentensi ile, na kumuuliza: kwa kusikia hivi, ni mara ngapi kati ya mia ukuta utaanguka?

Karani wa masjala: kumi. Mhudumu wa mapokezi: hamsini, ama utaanguka ama hautaanguka. Dereva wetu: themanini, kwa sababu ofisi hii ikifika kusema huenda, ujue jambo lilishatokea juzi. Mama yangu, kwenye simu: inategemea nani kasema, marehemu baba alipokuwa akisema huenda nikachelewa, ilikuwa mia kwa mia.

Sentensi moja, watu wanne, kuanzia kumi hadi mia. Na sisi tunaiita taarifa.

Jumatano, 19 Machi

Milimita thelathini na moja. Vioo vizima, vyote vitano.

Jumamosi, 22 Machi

Nilijua dada atakuwa kwa mama, nikaenda makusudi. Tulikaa kibarazani, wajukuu wameacha ubao wao wa ludo mezani. Nikamuuliza kama barua ilifika.

"Ilifika, na asante kwa kunituliza," akasema. "Nimeiweka kwenye faili."

Nikamuuliza yeye alielewa ngapi kati ya mia. Akafikiri, akasema mbili. Mhandisi akiwa na wasiwasi kweli angekuja mwenyewe akipiga kelele. Akiandika huenda ni kwamba anajaza karatasi. Nikamwambia barua ile haikuwa yangu. Yangu ilisema moja kati ya sita.

Dada hakushtuka kama nilivyotarajia. Ni mwalimu wa hesabu, anajua kugeuza namba upande wa pili.

"Kwa hiyo mara tano kati ya sita unasema hautaanguka."

"Ndiyo."

"Unataka nifunge madarasa matatu, nigombane na wazazi, kwa jambo ambalo wewe mwenyewe unasema halitatokea?"

Nikachukua dadu ya watoto nikamwekea mkononi. Nikamwambia sita ndiyo ukuta, rusha. Akarusha: tatu. Akaniangalia. Rusha tena. Nne. Tena. Mbili. Akaanza kucheka, mama naye akacheka, na mimi nikabaki nimekaa pale kama mganga ambaye mizimu imemkimbia. Dada akaweka dadu mfukoni kwa mazoea ya mwalimu anayenyang'anya vitu, akaaga, akaondoka.

Mama akaniambia nimwache mwenzangu apumue. Sikumjibu vizuri, na hilo najutia. Lakini namba siijutii.

Jumapili, 23 Machi

Dada amepiga simu asubuhi kabla sijanawa uso. Hakusalimia.

"Nimeendelea kurusha," akasema. "Nilisema nitarusha mpaka itoke sita, nione inachukua muda gani. Nikarusha nikiwa napika. Ya nane ikatoka."

Nikauliza ikawaje.

"Haikunipa dalili yoyote. Ya saba na ya nane zilikuwa sawasawa mkononi. Ile ilipotoka nilikuwa nimeshaanza kufikiria mambo mengine. Kesho nawahamisha. Lakini niandikie barua yenye hiyo namba. Siwezi kusimama mbele ya wazazi na dadu."

Jumatatu, 24 Machi

Nimeiandika. Jina langu, sahihi yangu, kuta ishirini na nne zimeorodheshwa nyuma. Haijapita kwa mkuu. Najua kifungu nilichovunja, ninaweza hata kukikariri.

Madarasa matatu yamefungwa. Watoto wale sasa wanasoma zamu ya mchana katika vyumba vya wenzao, wanatoka saa kumi na mbili kasoro.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua. Vioo vizima. Mvua.

Alhamisi, 3 Aprili

Mkutano wa wazazi. Dada aliniomba nije, nikaja. Mwenyekiti wa kamati ya shule ni mzee mwenye karakana ya kuchomelea, mtu wa sauti nene asiyependa kupotezewa muda. Alikuwa na barua mbili mkononi. Akasoma ile ya mkuu, akasoma yangu, akavua miwani.

"Ofisi moja, barua mbili. Moja inasema huenda, nyingine inapiga mahesabu. Sasa sisi wazazi tushike ipi?"

Ukumbi ukacheka. Nikasimama, nikaeleza kuta ishirini na nne. Mama mmoja aliyekaa mbele akaniuliza kama ninamaanisha kwamba mara tano kati ya sita nitakuwa nimewasumbua bure. Niliona dada ameinamisha macho.

"Ndiyo," nikasema. "Mara tano kati ya sita mtakuwa mmesumbuka, na ukuta utakuwa umesimama, na mtanicheka. Nimekuja niwaambie hilo mapema, kwa mdomo wangu. Bado nasema watoto watoke."

Nilitarajia matusi. Kilichokuja ni zogo. Wengi walikuwa na hasira zaidi na zamu ya mchana kuliko na mimi. Dada akasimama akasema uamuzi ni wake, atakayetaka kulalamika amwandikie yeye. Sijawahi kumwona amesimama vile. Tangu utotoni nilimjua kama mtu wa kutotaka ugomvi.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimepewa jina. Nimepita karibu na karakana, kijana mmoja akaita, "Moja ya Sita, leo vipi?" Nikamjibu kwamba leo bado ni moja ya sita. Wakacheka, nikacheka. Kuna majina mabaya zaidi ya hilo. Mkuu wangu analo.

Ijumaa, 11 Aprili

Milimita hamsini na nane kwa siku moja. Nimekwenda shuleni na koti la mvua, maji yakiingia kwenye viatu. Kioo cha tatu kimepasuka katikati, mstari mwembamba kama unywele. Timazi: sentimita saba na nusu.

Nimerudi kwenye orodha. Kati ya zile kuta, zilizosogea katikati ya msimu ni nane, na mbili katika hizo zilianguka. Nimeandika: sasa ni moja kati ya nne. Nakala kwa dada, nakala kwa mkuu. Karani wa masjala alipoipiga muhuri alinitazama kama mtu anayemsindikiza mgonjwa.

Jumanne, 15 Aprili

Barua ya kunitaka nijieleze imefika mezani kwangu: kutoa taarifa za ofisi bila idhini, na kuzua taharuki. Siku kumi na nne za kujibu. Nimejibu kwa dakika kumi na nne. Kosa la kwanza nimekubali. La pili nimeomba nionyeshwe mtu mmoja aliyetaharuki.

Jumatano, 16 Aprili

Milimita kumi na tisa. Nimeosha viatu.

Jumanne, 22 Aprili

Mtoto ameumia. Msichana wa darasa la nne, mmoja wa wale tuliowahamisha. Zamu ya mchana inapotoka, mwanga umeshapungua, na jana kulikuwa na mvua. Kwenye mtaro ulio mbele ya lango la chini aliteleza, akaangukia mkono. Umevunjika sehemu mbili. Dada alikaa naye hospitali hadi mzazi alipofika, akanipigia leo asubuhi.

Sauti yake ilikuwa tambarare. Akaniambia kwamba ukuta umesimama na mtoto ameanguka. Akakata.

Nimekwenda kazini. Sikufanya kazi.

Jumatano, 23 Aprili

Mama wa yule mtoto amekuja ofisini. Ni mshonaji, ana chumba chake cha cherehani karibu na stendi, na alikuja na tepu ya kupimia bado iko shingoni. Nikamtambua: ndiye aliyeniuliza mkutanoni kama nimewasumbua bure. Akauliza kwa karani nani ndiye wa moja ya sita. Nikasimama nikasema ni mimi, mama, karibu ukae. Hakukaa.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio au kwa matusi. Nilikuwa hata na jibu: mkono ni mkono, na ukuta ungeua. Nashukuru halikunitoka.

"Wewe ni mtu wa namba," akasema. "Ule mtaro uliupa ngapi?"

Sikuelewa. Akarudia polepole. Ukuta niliupa moja kati ya sita. Watoto niliwatoa nikawapeleka kwenye giza na mtaro. Mtaro niliupa ngapi?

"Sikuupa namba," nikasema. "Sikuufikiria."

"Hukuufikiria."

"Hapana, mama. Nilitazama ukuta tu. Nilipaswa kuhesabu na njia ya kurudi nyumbani, na sikuhesabu. Hilo ni kosa langu."

Wenzangu walikuwa wameacha kuandika. Mlango wa mkuu ulikuwa wazi kidogo. Yule mama aliniangalia kama anayekagua mshono. Kisha akasema mwanawe anaandika kwa mkono uleule uliovunjika, na mitihani iko karibu. Akaondoka.

Mkuu alitoka baada ya dakika chache akaniambia, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba ningesema huenda ningekuwa salama leo. Ni kweli. Ningekuwa salama. Mtoto mkono wake ungekuwa salama, na watoto mia moja thelathini na wanne wangekuwa hatua tatu kutoka kwenye ukuta unaosogea, bila mtu kujua hatari hiyo ni kubwa kiasi gani. Nimejaribu kujidanganya kwamba hesabu hiyo inanituliza. Hainitulizi. Lakini sitakubali kwamba dawa ya kuhesabu vibaya ni kuacha kuhesabu.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimesimama kwenye lango la chini kuanzia saa kumi na moja na nusu, chini ya mwavuli. Watoto arobaini na mmoja wameruka ule mtaro. Sita wameteleza, hakuna aliyeanguka. Nimekwenda kwa dada na karatasi yangu, tukakaa hadi mlinzi alipotugongea. Tumekubaliana zamu ianze saa moja mapema na vipindi vifupishwe, watoto watoke kweupe. Mwenyekiti wa kamati amesema atachomelea daraja dogo la chuma. Nilipomshukuru akasema hafanyi kwa ajili yangu.

Dada aliniomba msamaha kwa kukata simu. Nikamwambia ningekuwa yeye ningekata mapema zaidi.

Jumatatu, 28 Aprili

Daraja limewekwa. Watoto arobaini na mmoja wamevuka. Walioteleza, sifuri.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua ilitukamata mimi na mkuu tukitoka kukagua ghala, tukajibanza kwenye gari tukingoja ipungue. Vioo vikajaa ukungu. Ndipo aliponiambia jambo ambalo miaka kumi na minne sikulijua.

Alipokuwa kijana kama mimi nilivyoanza, alitumwa kukagua kivuko cha waenda kwa miguu juu ya mto. Akaandika kwamba nafasi ya kivuko kuvuka msimu salama ni tisa kati ya kumi. Ikawa ile moja. Watu wawili wakafa. Kwenye uchunguzi walisoma barua yake kwa sauti siku nzima, tisa kati ya kumi, tisa kati ya kumi, na kila walipoisoma waliitamka kama uongo. Mwenzake aliyekagua kivuko hichohicho mwezi mmoja kabla aliandika hali inaridhisha. Huyo alipandishwa cheo.

Mvua ilikuwa inapiga bati la gari. Nikamwambia, mzee, uliandika sawa. Kuna watu walisoma tisa wakasahau moja. Walipaswa kuweka kizuizi kwa ajili ya ile moja.

"Waambie wale wawili," akasema.

Mvua ikapungua, tukaondoka. Nimezoea kumcheka mtu huyu kwa neno lake, na leo nimeona alikolipata. Sitamwita tena lile jina. Lakini barua zangu sitazibadilisha, na nilimwambia hivyo tulipofika. Akasema alijua.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua nyepesi. Vioo vinne vizima, kilichopasuka hakijapanuka. Timazi ileile kwa wiki nne. Msimu nao unaelekea ukingoni, nimeandika: moja kati ya tisa.

Jumamosi, 10 Mei

Mjini wanasema Moja ya Sita amegeuza maneno. Mara sita, mara nne, sasa tisa, hajui anachosema. Kwenye duka la mkate mzee mmoja aliniambia usoni kwamba mkuu wangu angalau hajabadilika tangu Machi. Nikamwambia mimi ninabadilika kwa sababu kila wiki ninakwenda kuutazama ukuta. Barua yake haijawahi kwenda kuutazama. Akasema nina mdomo. Ninao.

Ijumaa, 16 Mei

Mvua hakuna.

Ijumaa, 23 Mei

Siku ya tisa bila tone. Ukuta umesimama.

Nilikwenda peke yangu jioni nikasimama mbele yake. Nitakuwa mkweli kwa kuwa hapa hakuna anayenisoma: kuna dakika nilitamani uwe umeanguka, usiku mmoja, bila mtu karibu. Nikauonea aibu moyo wangu. Nikaushika ukuta kwa kiganja, ukiwa na joto la jua, na nikaondoka.

Jumatano, 28 Mei

Mkutano wa mwisho wa msimu. Ukumbi umejaa hadi madirishani, safari hii mkuu mwenyewe amekuja, amevaa tai. Akasema mvua zimekwisha, ukuta umehimili, na kwa maoni ya ofisi sasa kuna usalama wa kutosha watoto kurejea madarasani. Watu wakaanza kupiga makofi. Kuna aliyeita jina langu la mtaani, na kicheko kikazunguka ukumbi. Dada alikuwa amekaa pembeni yangu, akanishika mkono chini ya meza.

Mshonaji akanyoosha mkono. Alisubiri makofi yaishe.

"Wa kutosha ni ngapi?"

Mkuu akatabasamu, akasema wa kutosha, mama, wa kuridhisha.

"Nimesikia neno. Mimi mteja akiniambia gauni liwe refu kiasi, namuuliza inchi ngapi, la sivyo atakuja kunilaumu. Nauliza ngapi."

Mkuu akasema mambo ya kitaalamu hayaendi hivyo. Mwenyekiti wa kamati akavua miwani akasema hata yeye angependa kujua. Sauti zikaanza huku na kule, ngapi, ngapi, bila fujo. Mkuu akafungua faili, akalifunga. Mshonaji hakuwa amekaa.

"Huyu dada mkaguzi alikosea kuhusu mkono wa mwanangu," akasema, akinionyesha bila kunitazama. "Nilimfuata, akaniambia amekosea wapi, na siku ya pili akaenda kusimama kwenye mtaro kuhesabu. Wewe, mzee wangu, hujawahi kukosea tangu Machi, kwa sababu hujawahi kusema kitu."

Hakuna aliyecheka. Nilimwangalia mkuu na sikufurahi. Nilikumbuka gari na ukungu wa vioo. Nikasimama kabla ukumbi haujamla.

Nikasema mkuu yuko sahihi, watoto wanaweza kurudi, na namba yake ni hii: kiangazi hiki nafasi ya ukuta kuanguka haifiki moja kati ya elfu. Lakini ukiachwa hivi ulivyo hadi mvua zijazo, ni moja kati ya tano. Matundu yakizibuliwa na nguzo tatu za zege zikijengwa kuuegemeza, moja kati ya mia mbili. Mtu akauliza kwa nini siyo sifuri. Nikasema sifuri sina, na atakayewapa wamwogope.

Nikageuka nikamuuliza mkuu mbele ya wote kama anakubaliana. Akafungua tena faili.

"Mimi ningesema moja kati ya mia na hamsini," akasema.

Katibu wa mkutano akaandika. Wazazi walijigawa papo hapo nani alete nini, na kuzibua matundu kunaanza Jumamosi. Nilipotoka nilimkuta mshonaji langoni na binti yake, plasta imejaa michoro ya wenzake. Nilimuuliza mtoto mitihani ilikuwaje. Akasema aliandika kwa mkono wa kushoto, na anadhani amepata sabini na mbili. Nikamuuliza ana uhakika gani. Akafikiri, akasema nane kati ya kumi.

Jumatatu, 9 Juni

Uamuzi wa kamati ya nidhamu umefika. Onyo la maandishi kwa kutuma barua bila idhini. Mstari wa mwisho: "Endapo kosa hili litarudiwa, huenda hatua kali zaidi zikachukuliwa dhidi yako, ikiwemo kuachishwa kazi."

Nimeusoma mara tatu. Kisha nimeandika jibu rasmi, nikalipeleka masjala, likapigwa muhuri. Nimekiri kupokea onyo, na nimeuliza jambo moja tu: huenda hiyo, kati ya kumi, ni ngapi?

Saa nane mkuu ameniita. Jibu langu lilikuwa mbele yake, amelilainisha kwa kiganja. Nilifunga mlango. Akasema, kama mtu anayetema kokwa iliyomkaa shavuni miaka mingi:

"Tatu."

Nikamwambia kwa tatu naendelea, na kwamba kesho nakagua sakafu ya juu ya soko.

Akanisogezea karatasi ya safari, akaisaini bila kuongeza neno.